Nani Aliushona Mfarishi

Mama mkwe wangu hana hasira ndogo. Akikasirika hata paka wa jirani hubadili njia, na hukasirishwa na mambo ambayo wengine huyapita tu: mlango uliobamizwa, sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni, mtu anayesema "pole" kabla hajaambiwa kuna nini. Mtaani wanamwita Dobi, kwa kuwa alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali tangu usichana wake mpaka siku walipompa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Saa yenyewe haijatundikwa hata leo. Anasema mtu aliyewatangulia majogoo kuamka maisha yake yote haambiwi saa na kipande cha plastiki.

Mimi ni mkwe wake, nimeolewa na mwanawe wa pekee, na kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu iko sebuleni, chini ya dirisha, na wateja wangu ni watu wa mtaa huu wenye suruali ndefu kuliko miguu yao. Hapa lazima niseme jambo linalonichoma roho, maana bila hilo yanayofuata hayaeleweki. Mteja akija kuchukua nguo yake, Dobi humwahi mlangoni. Huikunjua, huikung'uta, huiinua kwenye mwanga, kisha humwambia, "Haya, nimekumalizia. Hebu angalia pindo hilo." Nimekumalizia! Na mimi nimeketi palepale, shingo imekakamaa, uzi mdomoni. Mteja humshukuru yeye, mimi hunipungia mkono tu. Mume wangu nikimlalamikia hujibu, "Mama ni mtu mzima, mwache." Kana kwamba utu uzima ni ruhusa ya kuvaa jasho la mwenzako.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyefuga kinyongo tangu utoto wake kwa sababu mama yake aliporwa kazi ya mikono yake. Wahenga hawakukosea: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kazi hiyo iliyoporwa ilikuwa mfarishi. Ulikaa juu ya kabati chumbani mwake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kamba, pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo vilivyotutoa machozi kila alipoufungua. Nikisema mfarishi msidhani ni shuka. Ni blanketi la kushonwa: juu viraka vya rangi kila namna vilivyounganishwa kwa mpango, chini kitambaa kimoja kizima, katikati kitu cha kutia joto, na vyote vimeshikizwa pamoja kwa mishono midogo inayokwenda na kurudi upana mzima. Ulikuwa mzito ajabu. Ulikuwa mzuri pia, na nasema hivyo kama fundi. Aliyeushona hakuruhusu hata mara moja kiraka chekundu kigusane na chekundu mwenzake.

Dobi alisema aliyeushona ni mama yake. Ukoo wote ulisema ni Bibi Funguo.

Bibi Funguo alikuwa mama mzaa baba wa Dobi, mwenye nyumba, aliyetembea na funguo zote kiunoni, hata za masanduku yasiyo na kitu. Mama yake Dobi aliingia katika nyumba ile akiwa mkazamwana, mke wa mwanawe Bibi, na kwa nilivyosimuliwa hakuwahi kukabidhiwa ufunguo hata mmoja. Alipika, alifua, alifagia, na alasiri kazi zilipopungua alikaa kwenye kizingiti cha nyuma na kikapu chake cha vitambaa. Uzeeni Bibi Funguo alipofuka. Wakawa wanamkalisha sebuleni, mfarishi umemfunika miguu, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Pitisha mkono hapo. Hii ni kazi yangu." Wageni walishangaa na kusifu. Mkazamwana alipita na sinia la vikombe, akaliweka mezani, akatoka.

"Hakusema neno!" Dobi husimulia, na sauti hupanda kana kwamba ni jana. "Nilikuwa mdogo, lakini sikuwa mjinga. Nikamfuata jikoni, nikamwambia, mama, waambie. Unajua alifanya nini? Alinifinya."

Mama yule alizeeka hivyohivyo, akafa hivyohivyo. Siku ya mazishi mtu mmoja alisimama akamsifu kwamba marehemu alikuwa mkimya. Dobi anasema angekuwa na kitu mkononi siku ile angemrushia.

Yote haya yangebaki juu ya kabati kama si Mjomba. Mjomba ni kaka mkubwa wa Dobi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayezungumza na watu wawili kana kwamba wamesimama kwenye mistari uwanjani. Alilelewa na Bibi Funguo, akala naye sahani moja, na hakubali neno baya juu yake. Asubuhi moja alikuja na habari kwamba nyumba ya makumbusho ya mji wetu inafungua chumba cha vitu vya nyumbani vya zamani, na kwamba yeye ameshawaeleza kuhusu mfarishi.

"Mhifadhi wao atakuja kesho kuukagua ajue una umri gani," alisema. "Ukiwa wa zamani kama ninavyojua mimi, utawekwa ndani ya kioo, na jina chini yake."

"Jina la nani?"

"La Bibi, dada yangu. La nani tena?"

Dobi aliweka kikombe chini polepole. Mimi nikasogeza mkasi wangu mbali naye.

"Na aje huyo mhifadhi," alisema. "Na aukague. Halafu tuone nani ataona haya."

Watu wenye vitu vya kale huomba viwe vya kale zaidi. Dobi aliomba wake uwe mchanga. Mfarishi ukionekana ni wa enzi Bibi Funguo ana macho yake, basi mama yake amekwisha, atabaki yule wa sinia la vikombe. Ukionekana ni wa baadaye, Bibi alipokwisha kupofuka, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba ile aliyejua sindano ila mama yake. Hakulala mchana ule kama kawaida yake. Alizunguka chumbani akiongea na kabati.

Kisha akafanya kosa ambalo dobi peke yake angeweza kulifanya. Aliufua.

"Mama, si tungemsubiri mgeni kwanza?" nilimwambia.

"Mgeni aje aseme mama yangu alikuwa mchafu? Kitu hakijawahi kutoka mkononi mwangu hakijafuliwa, na hakitaanza leo."

Alikwenda kwa taratibu za kazini. Alilowesha kitambaa cheupe akakisugua juu ya viraka, kimoja baada ya kingine, aone kama kuna kinachotoa rangi. Hakuna kilichotoa. Akaridhika, akauzamisha katika beseni kubwa kwa sabuni ya unga. Maji yakageuka buluu.

Sijawahi kumwona mama mkwe akiogopa maji ila siku ile. Aliutoa, akausuuza, akausuuza tena, na madoa ya buluu yakazidi kupanda juu ya viraka vyeupe na vya njano.

"Umeloweka nini humu?" alinigeukia.

"Mimi?"

"Umeloweka sketi yako!"

"Sina sketi ya buluu, mama."

"Basi ya mumeo!"

Mume wangu hana sketi ya rangi yoyote, lakini siku ile hapakuwa na wa kumwambia hivyo. Niliingia ndani nikashona suruali ya mtu kwa hasira mpaka sindano ikakatika. Kila kizuri nyumbani mle ni chake, kila doa ni langu.

Mhifadhi alifika kesho yake akiwa na Mjomba. Alikuwa dada kijana mwenye miwani na mkoba mgongoni, akamwamkia Dobi vizuri, akapelekwa uani. Mfarishi ulikuwa juu ya kamba, unachuruzika maji, kamba imelegea katikati. Yule dada alishika kichwa.

"Mama, mmeufua?"

"Ulitaka nikupe mchafu?"

"Ningeshukuru, mama. Ningeshukuru sana."

Alituambia maji yana uzito, na uzito huo unaning'inia kwenye nyuzi nzee. Tukatandika shuka chini yake, tukashika pembe nne, tukauingiza sebuleni kama tumebeba mgonjwa. Cherehani yangu ikasukumwa pembeni. Dobi alikuwa ametuna, maana hajazoea kuelekezwa kufua, ila alishika pembe yake sawasawa. Halafu yule dada akauona ule mfuko wa plastiki na vile vidonge, akasema hivyo navyo ni adui: plastiki huuzuia mfarishi kupumua, unavunda.

"Nimeutunza humo kabla wewe hujazaliwa," Dobi alimjibu.

"Nami nakushukuru, mama, kwa kuwa upo," mhifadhi alisema bila kukasirika. "Tutautunza vizuri zaidi pamoja."

Alipiga magoti, akatoa kioo cha kukuza, akaanza kutambaa pembeni mwa mfarishi. Mjomba alisimama mikono nyuma, akingoja kusikia umri mkubwa. Mhifadhi akatueleza kwamba mfarishi haupimwi kwa kiraka chake kikongwe. Hata leo mtu anaweza kukata gauni la bibi yake akalishona. Kinachotafutwa ni kiraka kichanga kuliko vyote, kwa sababu mfarishi hauwezi kuzaliwa kabla ya nguo yake ya mwisho kufika dukani.

Akakipata. Kilikuwa cha njano, kinametameta kidogo. Alichomoa unyuzi uliokuwa umeshajitokeza, akauchukua kwa kibano, akaupitisha kwenye moto wa kiberiti. Haukuwaka kama pamba. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kishanga kigumu cheusi.

"Hii si pamba. Ni nyuzi za kiwandani," alisema. "Kitambaa cha namna hii kilichelewa kufika. Wazazi wetu wanakumbuka kilipoingia."

"Mimi nakumbuka!" Dobi alipiga paja. "Hilo ni gauni langu la kwanza la shule. Nililichana kwenye msumari wa dawati, mama akanichapa, halafu akakaa akalia. Na Bibi wakati huo alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni. Kaka, bisha!"

Mjomba alikohoa. "Kinaweza kuwa kiraka kilichoongezwa baadaye."

Lilikuwa swali la haki, na mhifadhi alilichukua kwa haki. Aliangalia tena kwa kioo. Akasema mishono ya kushikiza inatoka kiraka cha jirani, inapita juu ya kile cha njano na kuendelea bila kukatika, uzi ni uleule, mkono ni uleule. Kiliwekwa pamoja na wenzake.

"Kipofu gani anapanga rangi namna hii?" Dobi alisema, na mate yalimruka. "Nyekundu haigusi nyekundu! Kipofu gani? Andika, binti yangu. Andika sasa hivi kwamba ni wa mama yangu."

"Nitaandika, mama. Lakini kwanza nielezeni hii buluu."

Dobi alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amevijaribu viraka vyote na hakuna kilichotoa rangi. Aliyasema hayo mbele ya watu, lakini kuniomba radhi kwa ile sketi, ng'o.

Mhifadhi alirudi nyuma akasimama juu ya kiti changu. Kutoka juu madoa yale hayakuwa yamesambaa ovyo. Yalikuwa na pembe. Yalijipanga kwa mistari, buluu na tupu, buluu na tupu, bila kufuata viraka vya juu hata kidogo. Akashuka, akatafuta mahali ambapo ukingo ulikuwa umelika, akachungulia kwa kioo na taa ndogo.

"Katikati hapajatiwa pamba," alisema. "Kuna mfarishi mwingine."

Ulikuwa mkongwe kuliko ule wa juu kwa mbali. Vitambaa vyote vya pamba, vingi vya buluu ile inayotoka katika maji, mishono mikubwa ya mkono, hakuna mshono hata mmoja wa cherehani. Ulikuwa umechakaa mpaka viraka vyenyewe vimetoboka. Mtu aliukuta katika hali hiyo na badala ya kuutupa akaushonea uso mpya na mgongo mpya.

Mjomba aliketi sakafuni, na suruali yake ya pasi.

"Alikuwa anabonyeza," alisema. "Bibi. Hakuwa akiupapasa juujuu, alikuwa anabonyeza kwa vidole kama mtu anayetafuta kitu ndani. Nilidhani ni uzee. Alikuwa anatafuta mishono yake." Akamgeukia dada yake. "Hakuwa anadanganya. Alikuwa anashika wake."

Nilimwona Dobi akikosa pa kuipeleka hasira yake. Bibi ambaye yeye alimchukia maisha yake yote, kumbe mama yake mwenyewe aliihifadhi kazi yake, mshono kwa mshono, akaunda juu yake kitu kizuri na hakumwambia mtu. Lakini kumnyima Dobi hasira si kazi rahisi.

"Na wa juu je?" alisema. "Wageni walikuwa wanasifu wa ndani? Walikuwa na macho ya kupenya vitambaa? Walisifu rangi, na rangi zilikuwa za mama, naye alikuwa palepale amebeba vikombe. Bibi alishika wake, sawa. Mbona hakusema, 'na huu wa juu ni wa mkwe wangu'? Ulimi ulipofuka nao?"

Tulikubaliana mfarishi ukauke hapohapo sebuleni, umetandazwa, dirisha limefungwa pazia ili jua lisiufikie, na mhifadhi atarudi ukishakauka. Kwa siku hizo tulitembea kwa kuambaa ukuta, na wateja wangu nikawapokelea barazani, ambako Dobi aliendelea kuwamalizia suruali zao kama kawaida.

Laiti ingeishia hapo. Mchana mmoja nilikuwa uani nikianua nguo, Dobi yuko bafuni, nikasikia mlio ambao kila fundi anaujua, mlio wa kitambaa kinachochanika kisipotakiwa. Nilikimbilia ndani. Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa mfarishi, mkononi ameshika mkasi wangu. Mkasi wangu wa kukatia, ambao hata mume wangu haugusi! Alikuwa ameshakata mishono ya pembe nzima na kuuvuta uso wa juu, na kile kiraka cha njano kilikuwa kimepasuka katikati.

"Nilitaka tu kuufumua kidogo," alisema. "Kitu cha thamani ni kile cha ndani. Huu wa juu ni ganda."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni, sabuni bado mikononi. Nilimngoja alipuke. Hakulipuka. Alikwenda akaketi sakafuni kando ya kiraka cha njano, akajaribu kuzikutanisha zile pande mbili kwa vidole vyake, na hazikukutana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Ganda," alisema. "Mama yangu ni ganda."

"Dada, sikumaanisha..."

"Toka."

"Nisikilize kwanza."

"Toka nyumbani kwa mwanangu!" Na sasa sauti ilikuja yote, mpaka majirani wakafungua madirisha. "Maisha yake yote mlimfunua mkatafuta mwingine ndani yake! Mlitaka chakula, hamkumtaka mpishi! Mlitaka mfarishi, hamkumtaka mshonaji! Amekufa, bado mnamfumua! Toka kabla sijasahau kwamba tumenyonya ziwa moja!"

Mjomba alitoka na soksi tupu. Viatu vyake vilimfuata vikipitia dirishani, kimoja baada ya kingine. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliokota mkasi wangu nikaupangusa kwa hasira ambayo sikujua nusu yake ni ya nani.

Mhifadhi alipokuja akakuta lile pengo, alisema mpasuko usiposhikwa mapema utakula kiraka kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatufundisha: hakuna gundi, hakuna cherehani, hakuna kukata nyuzi za zamani ili pande zilingane. Tupenyeze kitambaa laini cha pamba nyuma ya mpasuko na kushona kwa sindano nyembamba, ikipita kati ya nyuzi na si juu yake. Na uzi wa kushonea uwe wa rangi tofauti.

"Kwa nini tofauti?" niliuliza. "Mimi naweza kupata njano ileile, usione kabisa."

"Ndiyo maana. Sisi hatufichi mkono wetu. Atakayeuangalia baadaye asije akadhani kazi yako ni ya yule wa kwanza, wala ya yule wa kwanza ni yako."

Dobi alikuwa akikunja mashuka pembeni. Akaacha.

"Rudia hayo," alisema.

Mhifadhi akarudia. Dobi akaja kwenye kisanduku changu cha nyuzi, akavuruga vuruga, akatoa nyekundu, ile kali kabisa. Akajaribu kuitunga kwenye sindano. Mvuke na dawa za kufulia zilikwisha kumla viungo vya vidole zamani, na sindano ile ilikuwa nyembamba kama unywele. Alijaribu tena na tena, akaitupa, akatukana kiwanda kilichoitengeneza.

"Shona wewe," aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyemnyang'anya.

Nikashona. Nilishona alasiri kadhaa, kifudifudi sakafuni, mto chini ya kifua, na yeye amekaa kitini kando yangu akinisimamia. Taratibu. Umevuta mno. Hapo umeruka. Mama asingeruka hapo. Nilikuwa nauma meno. Lakini kadiri nilivyokwenda nilianza kumjua yule mama. Alipochoka, mishono yake ilirefuka kidogo, kisha ikarudi kuwa midogo, nikajua hapo aliitwa ndani, akaenda, akarudi. Na palipokuwa na tundu katika mfarishi wa Bibi Funguo, juu yake alikuwa ameongeza mishono, ili pashikike. Alijua kila udhaifu wa kile kitu cha mama mkwe wake na alikwenda akaushika, bila kuambiwa ahsante. Nilimwonyesha Dobi. Aliangalia sana.

"Mjinga," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, kwa sauti nyingine, "Mama yangu mjinga wee."

Siku ya kuuchukua, mhifadhi alileta bomba nene la karatasi ngumu na kitambaa cha pamba kisichotiwa dawa. Mfarishi haukunjwi, alisema, maana kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Unaviringishwa, uso ukiwa nje. Mjomba alikuja naye, amevaa viatu vilevile, akasimama karibu na mlango kwa tahadhari. Aliinama akautazama ule mstari mwekundu uliokatiza kiraka cha njano.

"Lakini uzi huu unaonekana mno," alisema.

"Ndiyo maana upo," Dobi alimjibu. "Hapo ndipo ulipochana wewe. Ukija na wajukuu zako uwaonyeshe."

Mhifadhi alikuwa na kadi itakayowekwa chini ya kioo. Akatusomea. Mfarishi wa ndani, kazi ya fulani, na hapo palikuwa na jina la Bibi Funguo. Mfarishi wa juu, kazi ya mkazamwana wake, na hapo palikuwa na jina la mama yake Dobi, jina lake mwenyewe alilopewa na wazazi wake, ambalo hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Dobi alimwambia alisome tena. Mjomba aliangalia viatu vyake na hakubisha.

"Bado matengenezo," mhifadhi alisema, akafungua kalamu. "Niandike nani ameyashona?"

"Huyu hapa dada yangu, nani tena!" Mjomba alidakia upesi, akitafuta pa kupatania. "Hongera, dada. Mkono umetulia kama wa mama."

Dobi akafungua mdomo. Ninaujua mdomo ule. Nimeuona ukifunguka mlangoni pangu kwa kila suruali na kila gauni tangu niolewe, na ninajua neno linalofuata. Nilibeba sinia la vikombe wakati huo, naapa, nilikuwa nimelibeba, na niliendelea kulishika, nikahisi masikio yanawaka moto.

"Nime..." alisema.

Akaishia hapo. Alitazama sinia. Akanitazama mimi, kisha akautazama mfarishi uliokuwa nusu umeviringishwa, na uso wake ukageuka kana kwamba amepigwa kofi na mtu asiyeonekana.

"Si mimi," alisema. "Ni huyu. Mkwe wangu. Mimi hata uzi sikuweza kutunga. Andika jina lake kamili, na la baba yake."

Mhifadhi akaniuliza, nikamtajia. Aliandika. Dobi alisimama juu yake mpaka herufi ya mwisho, kisha akanigeukia amefura, mishipa ya shingo imemsimama, na kwa mara ya kwanza sikujua amemkasirikia nani.

"Na wewe mbona ulinyamaza?" aliniuliza. "Ungeniacha niseme?"

"Ningekuacha, mama."

"Ungebeba sinia lako ukatoka?"

"Ningetoka, mama."

"Basi weka hilo sinia chini," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa hasira. "Weka chini! Hivi ndivyo watu wanavyoibiwa."